Kuhamisha folda ya VirtualBox kwenda diski D: njia tatu, na ipi inakufaa

"Shikamoo kaka. Diski C imejaa, nimeambiwa nihamishe folda ya VirtualBox niipeleke D. Utanisaidia?"

VirtualBox ni programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ya kufikirika ndani ya kompyuta yako. Aliyeniuliza ni mwanafunzi wa chuo anayejifunza mitandao, ametoka Gungu na laptopu yake mgongoni mpaka hapa kwangu Mwanga, Kigoma. Nikaitikia marahaba, nikamuuliza anaisema folda ipi. Akanyamaza. Hakujua kwamba ziko mbili, na simlaumu, kwa sababu hata wengi wanaotoa ushauri huo huzichanganya.

Tulipofungua laptopu, mstari wa diski C ulikuwa mwekundu mwanzo hadi mwisho: zimebaki GB 1.9 kati ya 237. Jana yake mashine pepe yake ya Ubuntu ilikuwa imesimama yenyewe katikati ya kazi na kuleta ujumbe wenye neno `DrvVD_DISKFULL`. Maana yake diski ya kompyuta mama imejaa, kwa hiyo VirtualBox imeisimamisha mashine ya ndani mpaka nafasi ipatikane. Ukipunguza mzigo unaiendeleza pale pale ilipoishia. Kwa hiyo ukiuona ujumbe huo usikimbilie kuzima kwa nguvu.

Sasa hizo folda mbili. Ya kwanza ni `.VirtualBox`, yenye nukta mbele ya jina. Kwenye Windows hukaa ndani ya `C:\Users`, chini ya jina lako. Hiyo ndiyo folda ya mipangilio. Ndani yake kuna faili la `VirtualBox.xml`, ambalo ni daftari la programu nzima: linaorodhesha mashine zako na mahali kila moja ilipo, mitandao ya ndani uliyoitengeneza, hata madirisha uliyaachaje. Pembeni kuna `VirtualBox.xml-prev`, ambayo ni hali ya daftari kabla ya badiliko la mwisho, na mafaili ya kumbukumbu yanayoanza na `VBoxSVC.log`.

Ya pili ni `VirtualBox VMs`. Humo ndimo zinamokaa mashine zenyewe, kila moja na chumba chake: faili la `.vbox` lenye maelezo yake, diski yake ya `.vdi`, na folda ya `Snapshots` kama umewahi kupiga snapshoti, yaani kuhifadhi hali ya mashine ili uweze kuirudia.

Tukapima. `.VirtualBox` ilikuwa na MB 3 na ushee. `VirtualBox VMs` ilikuwa na GB 94.

Kuhamisha ile ya kwanza ili upate nafasi ni sawa na boti imezidiwa mzigo pale Kibirizi, halafu ukamshusha karani na daftari lake, madumu ya mawese ukayaacha yalipo. Boti haitanyanyuka hata inchi.

Mkanganyiko huu una chanzo. VirtualBox ilianza na kampuni ya Innotek ya Ujerumani, ikatolewa kwa umma mwaka 2007, ikanunuliwa na Sun Microsystems mwaka 2008, na tangu 2010 iko chini ya Oracle. Katika matoleo yale ya mwanzo kila kitu kilikuwa ndani ya `.VirtualBox`: mashine kwenye folda ya `Machines`, diski zake kwenye `HardDisks`. Ukiihamisha folda hiyo moja umehama na nyumba nzima. Toleo la 4.0, lililotoka Desemba 2010, likavitenganisha, mashine zikapewa folda yao na mipangilio ikabaki peke yake. Maelekezo ya zamani yaliendelea kupita mkono kwa mkono bila mtu kuyarekebisha, na ndiyo maana mpaka leo mtu anahamisha MB 3 kisha anashangaa kwa nini mstari bado ni mwekundu.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha njia, amua unachokitaka. Unataka nafasi kwenye C? Au unataka mipangilio yako ibaki salama siku utakapofuta Windows na kuisakinisha upya? Hayo ni mahitaji mawili tofauti, na njia zake ni tofauti.

Njia ya kwanza: hamisha mashine, acha mipangilio ilipo

Hii ndiyo ninayompa mtu mwenye shida ya nafasi. Ina hatua mbili na watu hufanya moja tu.

Hatua ya kwanza ni kuiambia VirtualBox kwamba mashine mpya zizaliwe D. Ingia "File", kisha "Preferences", ubadilishe sehemu iliyoandikwa "Default Machine Folder". Ukishafanya hivyo, mashine zako za zamani hazisogei hata kidogo. Badiliko hilo linazihusu zitakazotengenezwa baadaye tu. Nimeona watu wakiishia hapa wakidhani wamemaliza.

Hatua ya pili ni kuhamisha zilizopo, na hapa una milango miwili. Mlango rahisi ni kubonyeza kitufe cha kulia juu ya jina la mashine na kuchagua "Move", ambayo ipo kwenye matoleo ya 6 na 7. Mashine iwe imezimwa kabisa kutoka ndani yake. Anayependa amri anaandika hivi:

`VBoxManage movevm "Ubuntu" --type basic --folder "D:\Mashine"`

Amri hiyo haitafanya kazi kama CMD, dirisha la Windows la kuandikia amri, halijui `VBoxManage` iko wapi. Ingia kwanza kwenye `C:\Program Files\Oracle\VirtualBox`, ndiko inakokaa.

Uzuri wa "Move" ni kwamba VirtualBox yenyewe inabeba diski na snapshoti na kusahihisha daftari lake. Hakuna mahali pa kusahau. Ubaya wake nitaueleza tukifika kwenye umeme.

Mlango wa pili ni kunakili kwa mkono. Unainakili folda nzima ya mashine kwenda D, unaiondoa ile ya zamani kwenye orodha, halafu unatumia "Add" kulionyesha faili la `.vbox` lililoko D. Hii inafanya kazi kwa sababu faili la `.vbox` huitaja diski yake kwa jina tu pale diski inapokuwa ndani ya folda ile ile. Folda ikihama nzima, mashine na diski yake bado wanajuana.

Hapo kwenye kuondoa kwenye orodha ndipo panapoumiza. VirtualBox hukuuliza kama unataka kuiondoa kwenye orodha tu au kufuta na mafaili yote. Mtu mwenye haraka hubonyeza bila kusoma. Dawa yangu ni hii: kabla ya kuondoa chochote, funga VirtualBox, kisha badilisha jina la folda ya zamani, iite kwa mfano `VirtualBox VMs-zamani`. Ukifungua VirtualBox tena, mashine zote zitaonekana hazifikiki. Hapo ziondoe kwenye orodha bila hofu, kwa kuwa VirtualBox haioni tena faili lolote la kufuta. Kisha "Add", uende D.

Tahadhari moja kwa waliotengeneza kloni zilizounganishwa, yaani mashine inayoazima diski ya mashine nyingine ili isirudie kila kitu. Kloni ya namna hiyo haiwezi kuishi mbali na mama yake. Usiihamishe mojamoja ovyo. Kwa hizo njia ya tatu inafaa zaidi.

Njia ya pili: VBOX_USER_HOME

Hii ndiyo njia iliyowekwa rasmi na VirtualBox kwa ajili ya folda ya mipangilio. Windows ina vigeu vya mfumo, yaani majina inayoyakumbuka pamoja na thamani ulizoyapa, na kila programu inaweza kuyasoma. VirtualBox inapoamka hutafuta kigeu kinachoitwa `VBOX_USER_HOME`. Ikikikuta, inakwenda kusoma mipangilio huko kilikoelekeza. Isipokikuta, inarudi kwenye `.VirtualBox` ya kawaida.

Kwanza funga kila kitu. Kufunga dirisha peke yake hakutoshi. Kuna programu ya nyuma iitwayo `VBoxSVC` ambayo hubaki hai kwa muda baada ya dirisha kufungwa, na ndiyo inayoliandika daftari. Fungua "Task Manager" uangalie mpaka jina hilo litoweke. Ukinakili au kuhariri `VirtualBox.xml` huku `VBoxSVC` ingali hai, inaweza kuandika juu ya kazi yako na usijue.

Kisha nakili kwa `robocopy`, amri ya Windows ya kunakili folda:

`robocopy "%USERPROFILE%\.VirtualBox" "D:\VBox\mipangilio" /E`

Halafu weka kigeu:

`setx VBOX_USER_HOME "D:\VBox\mipangilio"`

Angalia mwisho wa mstari huo. Baada ya neno `mipangilio` hakuna mkwaju, yaani alama ya `\`. Ukiandika `"D:\VBox\mipangilio\"`, ule mkwaju wa mwisho unaimeza alama ya kufungia nukuu, na kigeu kinahifadhiwa kikiwa na alama hiyo ndani yake. VirtualBox itatafuta folda isiyokuwepo duniani. Kosa hili ni dogo kwa macho, na nimewahi kukaa nalo karibu saa nzima kabla ya kuliona.

Jingine: `setx` haibadilishi dirisha la amri ulilo nalo. Toka kwenye akaunti yako uingie tena, fungua dirisha jipya, uandike `echo %VBOX_USER_HOME%`. Ikikurudishia njia uliyoandika, fungua VirtualBox. Orodha yako ikionekana kama ilivyokuwa, nenda `D:\VBox\mipangilio` uangalie muda wa `VBoxSVC.log`. Ukiwa ni wa dakika hii, umefika.

Na kama orodha ni tupu? Usilie. Mara nyingi kigeu kimeelekeza kwenye folda isiyo na kitu, VirtualBox ikaanzisha daftari jipya humo. Mashine zako hazijafutika. Funga, sahihisha njia, fungua tena.

Faida ya njia hii inaonekana siku Windows inapoharibika. Hapa kwetu laptopu nyingi zinazokuja kwa fundi huishia kufutwa C na kuwekwa Windows upya. Mwenye mipangilio na mashine zake zote D anasakinisha VirtualBox, anaandika tena ile amri ya `setx` (kigeu kilifutika pamoja na Windows), na orodha yake inarudi na mitandao yake. Asiwe tu amesakinisha toleo la zamani kuliko alilokuwa nalo, maana toleo la nyuma linaweza kukataa kusoma daftari lililoandikwa na toleo la mbele. Na kama alikuwa anatumia "Extension Pack", ile nyongeza ya VirtualBox inayosakinishwa kando, ataiweka upya, kwa sababu yenyewe hukaa kwenye folda ya programu. Haiko ndani ya `.VirtualBox`.

Lakini kumbuka jambo moja: daftari hutaja mahali pa kila mashine kwa njia kamili, kuanzia herufi ya diski. Ukihamisha daftari peke yake, bado litasema mashine ziko C, na kweli ziko C. Njia ya pili bila ya kwanza haikupi nafasi yoyote.

Ukitaka kurudi nyuma, kifute kigeu kupitia dirisha la vigeu vya mfumo vya akaunti yako. `setx` inajua kuweka tu, haijui kufuta.

Njia ya tatu: kiungo cha folda

Hapa unaiacha VirtualBox iamini kwamba hakuna kilichobadilika. Folda inahamia D, na pale C ilipokuwa unaweka kiungo chenye jina lile lile. Programu inabisha hodi C, Windows inaifungulia D. Usikichanganye na shotikati ya kawaida unayoiweka kwenye skrini. Shotikati ni faili dogo linalomsaidia binadamu kubonyeza, programu haipiti humo. Kiungo kinafanya kazi kwenye mfumo wa mafaili wenyewe.

`mklink /J "%USERPROFILE%\VirtualBox VMs" "D:\Mashine"`

Iandike kwenye CMD. PowerShell haiitambui `mklink`. Folda ya zamani lazima uwe umeishaibadilisha jina, vinginevyo amri inakataa kwa sababu jina limeshikwa. Kwa `/J` huhitaji ruhusa ya msimamizi, na hilo ni jema kwa wanaotumia kompyuta za watu.

Umeona nilichokiunganisha ni `VirtualBox VMs`, sikuigusa `.VirtualBox`. Unaweza kuunganisha yoyote kati ya hizo mbili, ila ukiunganisha ile nzito ndipo kiungo kinapokuwa na thamani. Mwenye mashine kumi, snapshoti tele na kloni zilizounganishwa hahitaji kugusa hata mstari mmoja wa daftari. Njia zote zilizoandikwa zinabaki sahihi kama zilivyo.

Hatari yake iko kwa binadamu. Niliwahi kuhamisha mashine kwa njia hii, baada ya wiki kadhaa nikaingia C kusafisha. Nikaikuta folda ya `VirtualBox VMs` imejaa mashine. Nikajiambia, kumbe ile nakala ya zamani sikuifuta. Nikaingia ndani, nikachagua zote, nikafuta. Nilikuwa ninafuta D. Mashine mbili zilikwenda, moja ikiwa na mfumo wa hesabu wa duka niliokuwa ninaujaribu kwa ajili ya mtu. Ilinichukua siku tatu kuurudisha kutoka kwenye karatasi.

Tangu siku hiyo, kabla ya kufuta folda yoyote ninaandika `dir` kwenye CMD. Folda ya kweli huandikwa `<DIR>`, kiungo huandikwa `<JUNCTION>`. Na kiungo kinaondolewa kwa `rmdir` tupu juu ya kiungo chenyewe. Hiyo inaondoa mlango na kuacha vilivyomo D.

Kuna na la bakapu. `robocopy` kwa kawaida hufuata viungo. Ukiweka akiba ya C na ya D kwa pamoja, mashine zako zitanakiliwa mara mbili na hadidiski ya akiba itajaa bila kueleweka. Ongeza `/XJ` ili iviruke.

Tuziweke bega kwa bega

Kwa upande wa nafasi jibu limeshaonekana. Ya kwanza na ya tatu zinakurudishia GB zako. Ya pili peke yake hairudishi kitu.

Tukija kwenye umeme, na hapa naomba unisikilize vizuri kama uko Kigoma, Uvinza au Kasulu na betri ya laptopu yako inakufa ukichomoa tu chaja. Kuhamisha GB 94 kwenda hadidiski ya nje kupitia USB 2.0 inayokwenda kama MB 30 kwa sekunde ni kazi ya dakika 53 hivi. Umeme ukikatika dakika ya 40 utakuwa na hali gani? Ukiwa umetumia "Move", programu imekatwa ikiwa katikati ya kuhamisha, na utaanza kuchunguza kipi kiko wapi na daftari linasemaje. Ukiwa umenakili kwa `robocopy`, za C hazijaguswa. Unaandika amri ile ile tena, inaruka mafaili yaliyokwisha na kuendelea. Ukiongeza `/Z`, hata faili kubwa la `.vdi` lililokatwa katikati linaweza kuendelezwa pale lilipofikia. Kwa sababu hiyo, kwenye meza yangu "Move" ninaitumia kwa mashine ndogo au laptopu yenye betri nzima. Kwa nzito ninanakili kwanza, ninahakikisha, ndipo ninafuta. Anayeishi mahali ambapo umeme hausumbui anaweza kunipuuza hapa.

Kama D yako ni diski ya nje, kuna mengine matatu, na yanazigusa njia zote sawasawa.

Herufi ya diski. Leo ni E, kesho umechomeka fleshi kwanza ikachukua E, hadidiski ikawa F. Daftari linasema E, kigeu kinasema E. Mashine zinakosekana. Ingia "Disk Management" uipe hadidiski herufi ya mbali, kama V, ambayo fleshi hazitaifikia.

Mfumo wa mafaili. Fleshi na hadidiski nyingi za zamani zimefomatiwa FAT32, ambayo haipokei faili linalofika GB 4. Diski ya `.vdi` ya GB 30 itakataliwa, na ujumbe utakaouona unaweza kukufanya udhani nafasi haitoshi. Ifomati NTFS, baada ya kuokoa vilivyomo.

Waya. Mashine ikiwa inafanya kazi na waya wa USB ukalegea, ni kama kung'oa diski kwenye kompyuta inayokimbia. Hakuna njia kati ya hizi tatu inayokukinga. Kama waya wako unacheza, badilisha waya kabla ya kuhamisha chochote. Kuweka mipangilio yenyewe kwenye diski ya nje ni hatua moja zaidi ya hatari: usipoichomeka, VirtualBox nzima inakosa pa kuanzia na inaweza kukataa kufunguka. Mipangilio ikibaki C, angalau programu inafunguka na kukuonyesha mashine zipi hazifikiki.

Kwenye maabara ya shule au chuo, ambapo wanafunzi kadhaa wanatumia kompyuta moja, ya pili inashinda bila ubishi. Kila akaunti ina kigeu chake, kila mmoja ana daftari lake kwenye D, na mwalimu anaweza kuziweka akiba folda zote kwa mpigo bila kupekua `C:\Users`.

Kwa urahisi wa kuelewa baadaye, naiweka ya kwanza juu. Miezi sita ijayo, wewe au fundi mwingine akifungua VirtualBox anaona wazi kwamba mashine ziko D. Kigeu kinajificha, lakini ukijua jina lake unakipata. Kiungo ndicho kinachodanganya zaidi, kwa kuwa kazi yake yenyewe ni kuficha.

Walio kwenye Linux wana kazi ndogo. Mipangilio iko `~/.config/VirtualBox`, kigeu ni kile kile, unakiandika ndani ya `~/.profile` kwa `export`, na kiungo ni `ln -s`. Wahakikishe tu kwamba diski ya pili inapandishwa yenyewe kompyuta inapowaka, kupitia `/etc/fstab`, vinginevyo VirtualBox inaweza kuamka kabla diski haijakuwepo. Na wasifungue VirtualBox kwa `sudo`. Mtumiaji `root` ana folda yake ya mipangilio, watakuta orodha tupu na kudhani wamepoteza kila kitu.

Wanaotumia Vagrant, programu ya kutengeneza mashine pepe kwa amri, wajue kwamba ina folda yake nyingine, `.vagrant.d`, ambamo maboksi iliyopakua, yaani mashine zilizoandaliwa tayari, hukaa, na hayo nayo ni mazito. Kigeu chake ni `VAGRANT_HOME`. Kukihamisha hicho wakati mwingine kunarudisha nafasi nyingi kuliko ulivyotarajia.

Tukirudi kwa mgeni wangu wa Gungu. Alikuwa na mashine tatu, hana kloni, D yake ni hadidiski ya ndani yenye GB 400 tupu, na betri yake haikai hata dakika kumi. Nikamshauri ya kwanza, kwa mlango wa kunakili. `.VirtualBox` tukaiacha C, ila `VirtualBox.xml` tukalinakili kwenye fleshi yake. `robocopy` ilikimbia kama robo saa na ushee. Alikaa akiitazama asilimia ikipanda, ananiuliza kila baada ya muda, "Kaka, ikifika mia ndiyo nifute?"

Nikamwambia bado. Tukaibadilisha jina folda ya zamani, tukaziondoa mashine kwenye orodha, tukaziongeza kutoka D. Aliwasha ya kwanza, akaingia, akafungua faili lake la mazoezi, akalihifadhi, akaizima. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ilikataa. Kumbe faili la ISO, yaani nakala ya sidii, alilowahi kulitumia kuisakinisha lilikuwa bado limechomekwa kwenye sidii yake ya kufikirika, na alikuwa ameliweka ndani ya ile folda tuliyoibadilisha jina. Tukaingia "Settings", "Storage", tukaliondoa. Ikawaka.

Hilo lingejulikana wapi kama tungefuta mapema? Folda ya `VirtualBox VMs-zamani` nilimwachia aifute mwenyewe jioni, akishazitumia zote tatu. Usiku alinitumia picha ya mstari wa diski C. Ulikuwa wa buluu, GB 95 zikiwa huru.